Mishale Miwili Kwenye Spana ya Babu

Mnisamehe kwa herufi nitakazokosea na kwa mwandiko wangu mbaya. Niliishia darasa la saba, na naandika taratibu.

Kwetu Isansa, marehemu babu alituachia spana nzito ya kufungulia mashine ya kumenya kahawa. Msimu huu alikuja mtu kutoka Tunduma, mnunuzi wa vyuma vya zamani. Aliisugua kutu, akanionyesha mshale mdogo na namba 1943.

"Dogo, hii ni alama ya jeshi la Waingereza, wakati wa vita. Babu yako aliiba. Nipe niiondoe kabla hamjapata matatizo. Narudi Jumamosi."

Bibi, aliyekuwa anaanika kahawa, akacheka. "Baba, kama ni ya wizi, mbona unaitaka wewe?"

Lakini jioni ugali wake haukuguswa. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, babu yako alikuwa mwizi?"

Babu alikuwa mzee wa kanisa. Hata hivyo, nami nilishaanza kumshuku.

Kesho yake nilificha spana ndani ya sweta, nikampelekea fundi mzee wa malori pale Nanyala. Aliisafisha kwa mafuta ya taa.

"Kingo za namba zimelika sawa na chuma chenyewe. Mwaka ni wa kweli," alisema. Kisha akanionyesha mshale wa pili, ncha yake ikigusa ya ule wa kwanza. "Jeshi likiuza kifaa, linagonga huu. Babu yako hakuiba."

Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Kwetu, kabla ya kuazimana vifaa msimu wa kahawa, kila nyumba huchora alama yake kwa tupa ya kunolea majembe. Babu alichora hata kwenye mifuniko ya sufuria. Je, kama mshale wa pili aliuchora mwenyewe?

Nyumbani nililinganisha na alama yake kwenye shoka. Hiyo ina mikwaruzo myembamba, imepinda. Mshale wa pili ni laini hadi chini ya mchoro, umegongwa kwa pigo moja. Sio tupa.

Jumamosi nilimwambia mnunuzi hatuuzi.

"Umemwonyesha nani?" akauliza haraka. Hapo nikajua mshale wa pili alikuwa ameuona tangu mwanzo.

Nilimwambia bibi kwamba babu alikuwa msafi. Alikula. Mimi bado nawaza: pigo moja, ndiyo, lakini la nani, la jeshi au la babu?

Kama nyumbani kwenu kuna kifaa chenye mishale miwili inayogusana, tafadhali niandikieni wazee wenu walikipataje.