Mtambo Ulioendelea Kuandika Nne

Mwanangu, nimesikia chama chenu cha wafugaji kimekuchagua uende mjini kununua mitambo ya kupima baridi ya maziwa. Hongera. Ila kabla hujafunga begi, kaa hapa kwanza. Kuna siku moja naikumbuka, na ningependa uende nayo safari hiyo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kyerwa ikiwa bado sehemu ya wilaya yetu ya Karagwe. Hapa Ndama mimi ndiye niliyekuwa kijana pekee aliyesoma kompyuta, miezi sita Mwanza, na niliporudi nilitembea kama mtu aliyeposa binti wa mfalme. Usicheke, ujana ndivyo ulivyo. Sasa kulikuwa na kituo kimoja cha afya, jina lake nitalihifadhi, chenye chumba cha baridi cha kutunzia chanjo za watoto wa vijiji vingi. Chanjo ya surua ikipata joto inakufa ndani ya chupa, na kwa macho huwezi kuitofautisha iliyo hai na iliyokufa. Kamati ikaamua kununua mtambo wa kulichunga joto la chumba kile. Kipimo kinakaa ndani, waya unatoka hadi ofisini, na programu ya kompyuta inasoma na kuandika kila dakika. Joto likizidi, inapiga king'ora. Kazi ya kuchagua nikapewa mimi.

Walikuja wauzaji wawili. Wa kwanza programu yake ilikuwa na sura mbaya, namba nyeupe kwenye kioo cheusi, na kila mara ililia pii pii ikilalamikia jambo. Wa pili, ah! Mstari wa kijani ulitiririka kwenye kioo, ukachapwa kwenye karatasi ukiwa umenyooka vizuri. Nilikagua boksi lake, nikagonga bati, nikavuta nyaya kuona kama ni imara. Programu yenyewe niliitazama kama watu wanavyomtazama bibi harusi, kwa kufurahi tu, bila kuuliza kitu. Wahenga walishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini mimi wahenga niliwaacha nyumbani siku ile.

Kwenye kamati alikuwemo Mzee Kaijage, mkulima wa kahawa na mfugaji wa ng'ombe wa pembe ndefu, ambaye kusoma kwake kuliishia kwenye Biblia. Yule muuzaji wa pili akiwa anatafuna buni za kahawa tulizomkaribisha kwa desturi ya kwetu, nasi tukimsifu, mzee akanyoosha mkono.

"Waitu, ndugu zangu, hebu chomoeni huo waya wa kipimo, tuone kompyuta itasema nini."

Muuzaji akatabasamu, akasema hakuna haja. Mimi nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni. Nikamwinamia mzee nikamnong'oneza, "Mzee wangu, mgeni ametoka mbali. Tusimwaibishe."

"Mchungaji hapimwi ng'ombe wote wakiwa zizini, kijana," akaniambia. "Anapimwa siku mmoja amepotea, usikie atakuja kukuambia nini."

Nikacheka kwa adabu, nikamsogezea kikapu cha kahawa. Akaushusha mkono, akachukua punje moja. Tukanunua mtambo wa mstari wa kijani.

Tuliufunga, nami nikapewa kazi ya kuuangalia, na kwa majuma mengi ukaandika nne, nyuzi nne, ndivyo inavyotakiwa. Tukaagizana tusifungue mlango wa chumba ovyo, maana kompyuta inatuangalizia. Kila mwezi gari lilibeba chanjo kwenda vijijini. Mwezi mmoja, gari likijiandaa kwenda Mabira, Nesi Adela, dada mpole aliyesimamia chanjo, alinifuata ofisini.

"Kaka, mbona chumba kama hakina baridi leo?"

Nikamwonyesha kioo. "Unaona mstari? Nne. Mkono wako na kompyuta, kipi kinajua zaidi?"

Akaomba radhi. Akaniomba radhi mimi, mwanangu! Akapakia chupa zake akaenda. Na mwanangu wa kwanza, Yustina, aliyekuwa na miezi tisa, nilikuwa nimempeleka mwenyewe asubuhi hiyo achanjwe kabla gari halijaondoka, nikijisifu mbele ya wazazi wengine kwamba chanjo hii inalindwa na kompyuta.

Mwezi uliofuata Adela hakuja kuniuliza. Alichukua kipimajoto cha zamani cha zebaki, akaingia nacho chumbani, akakaa kidogo, akatoka uso umempauka.

"Ishirini na mbili," akasema.

"Haiwezekani." Kioo mbele yangu kiliandika nne.

Nikaingia mwenyewe. Mota ya kupozea ilikuwa inanguruma bure, hewa imepoa kama ya sebuleni tu. Nikaupapasa waya wa kipimo ukutani, hatua kwa hatua, mpaka nyuma ya kabati, na hapo vidole vyangu vikakuta mwisho wake. Panya walikuwa wameukata wote. Nikauvuta ule upande wa ofisini, nikarudi nao mezani, ncha zake ziko hewani mkononi mwangu, nikakitazama kioo. Nne. Nikasubiri dakika ipite. Nne, na saa yake sahihi kabisa pembeni. Nikautikisa waya kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nne.

"Mawe!" Nilipiga yowe nikimwita mama yangu kwa kilugha chetu, mimi mtu mzima mwenye mke. Programu ile ilitengenezwa hivyo. Ikikosa kipimo kipya, inarudia cha mwisho, inakiandikia saa mpya, na mstari unaendelea kunyooka. Tangu panya waukate ule waya, ilikuwa haipimi kitu chochote duniani. Nami nilikuwa nimeichapa mistari ile na kuibandika ukutani!

Mzee Kaijage aliposikia alikuja kwa mguu. Nilimwamkia, nikangoja fimbo. Hakupandisha hata sauti.

"Ulinikalisha chini kwa kuogopa aibu ya nusu saa, tena aibu ya mtu wa kupita. Sasa nenda Mabira ukawaambie akina mama kwa mdomo wako. Usimtume Adela."

Tuliagiza chanjo mpya, nami nikatangulia kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, migomba kwa migomba, nikisema maneno yaleyale: mtoto wako hakuchanjwa, kosa ni langu, mlete tena. Bibi mmoja alinitimua na jembe, na nilimpa haki yake. Wengine walinipa maji ya kunywa, hayo ndiyo yaliyokuwa magumu kumeza.

Nyumba ya Mama Imakulata, mkulima ambaye wazazi wake walitoka Burundi, niliikuta kimya. Mtoto wake wa kiume alikuwa amelala kwenye mkeka, vipele mwili mzima, macho yamegandamana. Sikuhitaji kuuliza. Nilimweleza kilichotokea huku nikitazama chini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Watoto wa jirani yangu walipopata surua, watu wote waliwakimbia," akasema. "Mimi nilikwenda kumsaidia kuwauguza, huyu nimembeba mgongoni. Nilisema wangu amechanjwa. Ningejua hajachanjwa, ningebaki kwangu."

Hakuwa ananigombeza, mwanangu. Alikuwa ananieleza tu. Nilikaa chini, pale pale udongoni, nikalia.

Mtoto yule alipona, Mungu ashukuriwe, lakini jicho lake la kushoto halikuona tena. Yustina wangu alichanjwa upya akawa mzima, na mpaka leo sijui kuifurahia ile bahati sawasawa. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu wangu hakui akaondoka.

Basi nisikilize. Kama tusingekuwa na mtambo kabisa, Adela angeuamini mkono wake, na mama yule angebaki nyumbani. Kitu kisichojua kikisema sijui, watu hujihadhari. Kisichojua kikasema najua, hapo ndipo watu hutembea kwa ujasiri kuelekea shimoni. Ukifika mjini, usianze na boksi wala rangi. Kaa na programu. Chomoa waya mbele ya muuzaji uone itaandika nini. Zima umeme kazi ikiendelea, kisha uwashe, uone kama yaliyoandikwa yamebaki. Tumbukiza kipimo kwenye maji ya moto, halafu kwenye barafu, na wewe uwe na kipimajoto chako mkononi. Uliza namba zinatunzwa wapi, na kama mtaweza kuzitoa bila kumwita yeye. Akinuna, anune. Mkishanunua, fungueni mlango mara kwa mara mpime kwa mkono, na nesi au mkamua maziwa akikwambia hapana baridi, inuka ukaangalie. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nimeona kwamba anayeumia mara nyingi si yule aliyeficha.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akupe uso mkavu mbele ya wauzaji, usije ukahitaji siku moja kuinamisha uso mbele ya mama na mtoto wake. Amina.