Malkia Wangu wa Amherst

Mimi hujisifu kwamba sipitwi na jambo. Mwaka 2015, siku yangu ya kwanza kumtunza Bibi Ruth nyumbani kwake Amherst, Marekani, niliona ukutani juu ya kitanda chake mchoro wa zamani wa kasri la wafalme, uliochapwa kwa wino mweusi.

"Ndiko nilikozaliwa," akaniambia.

Sikuuliza zaidi. Tangu hapo nilimpa chai kwa mikono miwili na kutoka chumbani kinyumenyume, kama tulivyomheshimu mwami, mfalme wetu, kule Kivu. Kanisani nikatangaza kwamba ninamtunza binti wa mfalme, nami nikaanza kuwekewa kiti cha mbele.

Jumamosi moja akina mama watano wa kwaya wakaja kumsalimia, wamevaa vitenge vipya, wamebeba maziwa ya dukani ndani ya kibuyu. Wakapiga magoti.

"Bon, haya, mwambie malkia tumefika," Mama Neema akaninong'oneza.

Nikatafsiri kwa Kiingereza. Bibi Ruth akacheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akanionyesha kidirisha cha chini kabisa kwenye mchoro.

"Nilizaliwa hapo, nyuma ya jikoni. Mama yangu alikuwa akiwafulia nguo wenye kasri."

Nikaiokota miwani, nikaifuta.

"Tafsiri basi, dada," akasema Mama Neema, bado amepiga magoti. "Malkia amesema nini?"