Miche Elfu Moja na Tisa

Mwaka sabini na nne, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki, nami nikaachia shule darasa la pili. Hesabu nilijifunzia Tunduma, nikibeba magunia. Sijisifu bure: kwa kukokotoa kichwani, wachache wananiweza.

Ndiyo maana mwalimu wa hisabati kutoka Isongole alipokuja kumposa binti yangu wa mwisho, sikumwogopa. Kwangu mimi mkwe hupimwa kwa jembe. Nilikuwa nimenunua miche elfu moja ya kahawa, muuzaji akanitupia tisa juu, ile nyongeza ambayo Tunduma tunaiita mbasela. Nikamwambia mbele ya ndugu zangu, "Panda yote kwa mistari inayolingana. Ukibakiza mche, au mstari mmoja ukipungua, binti humpati."

Na neno langu likishatoka halirudi ndani.

Kijana akachukua kijiti, akaanza kuandika udongoni. Jua likapanda, shimo hata moja hajachimba.

"Mwalimu, jembe linang'ata?" shemeji yangu akamchokoza.

Kijana akanigeukia mimi. "Baba, elfu moja na tisa haigawanyiki. Nimejaribu mbili, tatu, tano, saba, nikaenda hadi thelathini na moja."

"Mbona umeishia hapo? Umechoka?"

"Thelathini na mbili mara thelathini na mbili inapita miche yako. Mistari ikizidi thelathini na moja, kila mstari utakuwa na miche isiyozidi thelathini na moja, na namba hizo zote nimeshazijaribu. Ni namba tasa, baba. Inakubali mstari mmoja tu, na huo utavuka barabara kuu pale Nanyala."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamimina punje za mahindi mkekani, nikazipanga na kuzipangua mpaka magoti yakaniuma. Kila mara punje zilibaki au zilipungua. Binti yangu kasimama mlangoni, hali wala hanywi. Mama yake akaniinamia sikioni.

"Baba watoto, hiyo mbasela yako itatuachia binti humu ndani mpaka azeeke."

Mbasela! Nikainuka, nikachukua mche mmoja, nikamkabidhi kijana.

"Huu ni mbasela yako, peleka kwenu. Iliyobaki ndiyo ninayokupa upande."

Uso wake ukang'aa. "Elfu moja na nane! Baba, hii inagawanyika kwa namba thelathini tofauti! Chagua tu mistari unayotaka."

"Shamba langu nalijua. Linabeba mistari ishirini na minane."

"Basi miche thelathini na sita kila mstari, na hakuna kinachobaki."

"Chimba sasa, maneno yametosha."

Akachimba. Shemeji alimsaidia kwa kelele.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe wanne, pikipiki, mistari ishirini na minane ya kahawa, na wajukuu wawili. Kule Isongole kuna mti mmoja wa kahawa unaozaa kuliko yangu yote. Huo si wangu, niliutoa.