Siku Saba za Mirunda

Siku yangu ya kwanza kazini Johannesburg, Mhandisi Mkuu alinikabidhi kalamu nyekundu na ratiba ya mkandarasi ndefu kama mkeka. Mke wangu alikuwa amerudi kwao kutoka uhamishoni, nami nikamfuata kutoka Tanga na cheti changu cha ufundi.

"Wewe ni jicho la mwenye mradi," Mhandisi akaniambia. "Ukiona siku hazitoshi, mwulize mkandarasi."

Ninyi vijana mnabonyeza kompyuta. Sisi tulikagua mstari kwa mstari: kazi ipi inatangulia, na ipi ikichelewa jengo zima linachelewa. Niliijua kazi hiyo vizuri, kwa hiyo sina pa kujitetea.

Miaka michache baadaye tulisimamia ujenzi wa zahanati kule Diepsloot. Huku wajenzi hufunga kazi katikati ya Desemba na kurudi Januari. Mkandarasi alikuwa nyuma, akataka kuondoa mirunda, zile nguzo zinazobeba slabu mpaka zege likomae, kabla ya likizo. Ratiba ya kwanza ilitoa siku ishirini na moja. Ile mpya ilisema saba. Niliiona. Wallahi, niliiona!

Lakini kwenye kikao kilichotangulia nilikuwa nimeuliza swali, meneja wa mkandarasi akaigiza lafudhi yangu, watu wakaangua kicheko. Sikutaka kuchekwa tena. Mhandisi Mkuu naye alishafunga mizigo ya likizo ya Durban.

"Iko sawa?" akauliza akiwa mlangoni.

"Iko sawa, bosi." Nikasaini.

Kesho yake Mzee Dlamini, fundi mbao aliyeisimamisha mirunda ile, alinivuta pembeni.

"Eish, Baba, zege bado bichi. Waambie wangoje."

"Ratiba imeshapitishwa, Mzee," nikamjibu, tena kwa ukali, utadhani aliyeipitisha ni mtu mwingine.

Siku ya kufunga kazi wakaiondoa mirunda. Ukingo wa slabu juu ya mlango ukakatika, ukamwangukia Mzee Dlamini. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Kwenye uchunguzi niliulizwa kama kuna aliyetoa tahadhari. Nikasema hakuna. Mzee alikuwa amelazwa, hakuna aliyemwuliza. Ripoti ikaandika kwamba fundi aliondoa mirunda kwa pupa. Niliisoma mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi, nisitie alama hata moja. Aibu iliyoje!

Nilipostaafu walinisifu kwa umakini. Nilitamani sakafu inimeze.

Mwezi uliopita, kwenye barabara ya Jules Street, pale Malvern, nilisikia naitwa. Mzee Dlamini! Akaegemeza gongo ukutani ili anipe mkono.

"Baba, bado unakagua?"

"Nimestaafu, Mzee."

"Umefanya vizuri. Wale watu hawasikii." Akanibana mkono. "Najua uliwaambia wangoje. Mke wangu namwambia kila siku, yule Mtanzania aliwaambia."

Mkono wangu ulikuwa bado mkononi mwake.

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Niliwaambia."