Siku Niliyodanganya Kwamba Nimefunga

Aibu hii nimeificha vya kutosha, lakini mdogo wangu Elia ameshaanza kuisimulia kwa kuitia chumvi, kwa hiyo bora niwaambie mimi mwenyewe mwenye kosa.

Tulikwenda Kigwa kumposea Elia, na msemaji nikiwa mimi dada yake mkubwa (mama hayupo tena, na mdomo wangu ukoo mzima unaujua). Ilikuwa mwezi wa sita, baridi kali. Sasa, mimi nina ugonjwa wa ngozi kukakamaa. Daktari alinieleza vizuri kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, inaugeukia mwili wenyewe, ngozi inakaza kama ya ngoma, vidole havikunjiki, na vikipata baridi mishipa midogo inajifunga. Hauambukizi, wala sikurogwa. Nina glavu za sufu kwa ajili hiyo, lakini nikawaza, wakwe wakianza kuulizana glavu za nini si watasema nina ukoma, wamnyime Elia mke? Nikaziacha nyumbani Chemchem, basi, kosa langu likaanzia hapo.

Tukapokewa vizuri, ukaletwa ugali na kuku wa kienyeji, na Neema, binti tuliyemfuata, akapiga goti mbele yangu na jagi la maji ya mtungini ili ninawe. Nilijua yakinigusa tu vidole vitakuwa vyeupe kisha bluu mbele ya baba yake, na hata visingebadilika, tonge ningelifinyanga na nini? Nikajisikia nasema, "Ahsante mwanangu, mimi leo nimefunga. Naiombea ndoa hii."

Elia akanitazama (asubuhi ile nilikula maandazi matatu mbele yake).

Baba yake Neema, ambaye ni mzee wa kanisa, akafurahi mno. "Basi dada yetu aliyefunga atuombee chakula." Nikasimama, mikono nimeificha ndani ya kitenge, nikaomba kwa kirefu kwa sababu ya woga, nikamshukuru Mungu hata kwa nguvu ya kufunga, mpaka ugali ukapoa.

Walipoanza kula, vidole vyangu vilikuwa vinauma kwa baridi hadi machozi yananilenga. Nikaaga kana kwamba naenda chooni, nikapita jikoni, hapakuwa na mtu, na sufuria ya kuku aliyebaki ilikuwa kwenye makaa inafuka mvuke. Nikafunua mfuniko nijipashe mikono. Mama yake Neema akaingia wakati huohuo.

"Mama, si umefunga?"

Nikaurudisha mfuniko juu ya sufuria. Akanirudisha sebuleni, akamnong'oneza mumewe. Mzee akaliweka tonge lake chini taratibu.

"Chakula chetu mnakikataa mezani, halafu mnakifuata jikoni kwa kujificha. Binti yetu mtamtunzaje?"

Wazee tuliokuja nao wakaanza kutafuta viatu. Elia alikuwa anatazama sakafu, na niliona kabisa kwamba mke anampotea kwa ajili yangu. Nikaitoa mikono kwenye kitenge, imekuwa ya bluu, nikaeleza yote tangu ugonjwa hadi maandazi.

"Hauambukizi?" mzee akauliza.

"Hauambukizi, baba."

Akaitazama mikono yangu. "Mikono hii hainitishi, mwanangu. Maji ya moto tunayo, na vijiko tunavyo. Sala ile ndiyo inayonitisha."

Tukaambiwa jibu tutalisubiri. Tulilisubiri wiki tatu, na wiki zote hizo Elia hakunisemesha. Hatimaye wakakubali, ila wakaomba siku ya mahari msemaji awe mtu mwingine.

Nimeapa, sasa nikiingia nyumba ya watu natoa salamu kwanza, kisha nautaja ugonjwa wangu, na neno "nimefunga" halitanitoka mpaka niwe nimefunga kweli. Siku ya mahari nilikaa nyuma kabisa na glavu zangu, kimya, na chakula kilipoletwa Neema akaniwekea kijiko kabla sijakiomba.