Risasi Zilizolala kwa Jirani

Mwezi uliopita niliitwa Kyeshero, hapa hapa Goma, kwenye mambo ya dot, yaani mahari, ya mtoto wa dada yangu. Nyumba ya wenyeji ilikuwa zile za siku hizi, ghorofa mbili, madirisha yanaangalia ziwa, viti vya ngozi ambavyo ukikaa unazama mpaka unaona haya kusimama. Juu ya televisheni walikuwa wametundika bunduki. Ya zamani, mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu, kitako cha mti mwekundu kimepakwa vanishi. Kijana wa nyumba akatuuliza wageni, kwa majivuno yake, nani anajua ile ni bunduki ya nini. Wanaume wa upande wetu wakabahatisha: ya ndege, ya polisi wa zamani, ya sinema. Mimi bunduki ya aina ile niliijua kila kiungo chake, lakini niliinamia sahani. Nikachambua miba ya samaki.

Wacha nikueleze wewe basi, maana pale sikumweleza mtu.

Sisi tulikaa Mapendo, enzi zile mtaa mzima ni nyumba za mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Ukianguka, goti linachanika. Mama alitusugua miguu kila jioni na bado shuka zilikuwa nyeusi upande wa miguuni. Asubuhi tuliamshwa na chukudu, zile baiskeli za mti za mizigo, zikishuka na makala ya kupikia na viazi, magurudumu ya mti yakilia juu ya mawe, na madereva wake wakitukana kila aliyesimama njiani. Harufu ilikuwa ya maharage yaliyolala motoni, na ya mafuta ya cherehani kutoka kwa jirani yetu fundi. Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Akikohoa, mama alikuwa anamwambia pole bila kutoka jikoni.

Baba yangu alikuwa mtu wa Rutshuru. Ujana wake wote aliwaongoza wawindaji wa kizungu, yeye mbele akisoma nyayo, wao nyuma wakihema. Bwana wake wa mwisho alipofunga kazi na kurudi kwao, alimwachia bunduki yake ya mitutu miwili, ile ya wanyama wakubwa. Baba akaitafutia permi ya kuimiliki serikalini akaipata, na mhuri wake, na picha yake amevaa koti la kuazima. Tangu hapo, mbogo akikataa kutoka mashambani, au kiboko akiua mtu upande wa Vitshumbi, alitumiwa ujumbe yeye. Aliondoka na kifurushi cha bugali, akarudi baada ya juma na nyama iliyokaushwa kwa moshi, mtaa mzima ukijua kabla hajafungua mlango.

Usidhani mitutu miwili ilikuwa maringo. Bunduki ya kawaida ukipiga lazima uvute chuma, usukume, ndipo upige tena, na mbogo aliyejeruhiwa hangoji hayo mambo yako. Ile ilikuwa na vifyatulio viwili, cha mbele kwa mtutu wa kulia, cha nyuma kwa wa kushoto. Unavunja shingo yake, unaweka risasi mbili nene kama kidole gumba, unafunga, kop, na hizo mbili ndizo maisha yako. Baba alipenda kusema: "Risasi ya kwanza ni ya nyama. Ya pili ni ya kukurudisha nyumbani." Ile ya pili alikaa hata mwaka mzima bila kuipiga, na alijisifu kwa hiyo kuliko kwa mbogo wenyewe.

Kabla ya kila safari alienda kuijaribu nje ya mji, kwenye uwanja wa mawe, na mimi nilimfuata pamoja na binti wa fundi, rafiki yangu. Alitutia pamba masikioni. Shabaha ilikuwa shina la mgomba. Siku moja fundi naye alikuja, mwembamba vile, akaomba apige walau moja. Baba akamwonyesha namna ya kukaza kitako begani. Wee! Mgomba ulibaki mzima, na fundi akajikuta amekaa chini miguu imetanuka, kofia iko nyuma yake. "Muzee," akasema, "hii kitu inaua upande zote mbili!" Tulicheka mpaka tukakaa chini pamoja naye. Sisi wasichana tuliokota maganda yangali ya moto, tukayanusa.

Sasa sikia, hapa ndipo neno lenyewe lilipo. Wawindaji wa baba walikuwa na sheria moja: bunduki na risasi hazilali chini ya paa moja. Mwenye bunduki anaweka risasi zake kwa mtu mwingine, mtu anayemwamini. Sababu ni hasira. Ukigombana na mke wako, ukinywa kasiksi ikakupanda kichwani, lazima kwanza utoke, uende kwa mwenzako, uombe, na yeye akuangalie uso. Akiona uso si mzuri, hatoi. Kwa hiyo bunduki ililala kwetu, juu ya plafo, ile dari ya chumba cha baba, na risasi zililala kwa fundi katika kopo la biskuti, chini ya vipande vya vitambaa. Fundi aliita bunduki mama na risasi watoto. Malipo yake yalikuwa kidari cha kila mbogo, na mke wake alikipika na pilipili mpaka sisi tulioleta nyama tukaomba kuitwa.

Na sheria ile ilifanya kazi, niliona kwa macho yangu. Mjomba wangu alikuja siku moja kugombea shamba la Rutshuru, akamtukana baba mbele yetu watoto. Baba akatoka, akaenda kwa fundi kuomba watoto. Fundi hata hakuacha kushona. Alimtazama mara moja, akarudisha macho kwenye kitambaa. "Muzee, batoto banalala. Urudi kesho." Baba akarudi akaketi. Kesho yake alimpelekea fundi jogoo. Kwa hiyo usiniambie baba hakujua uzito wa mtu yule. Alijua kabisa.

Kisha vita ikaingia mjini. Serikali ikakimbia kabla yetu, na hao wapya wakapita na gari lenye kipaza sauti: kila mwenye silaha ailete, atakayekutwa nayo atajua mwenyewe. Baba akakaa juu ya hilo siku nne. Mama alimwambia aipeleke. Yeye akasema, bunduki kama ile mtu anapewa mara moja katika maisha, hawezi kuitupa mikononi mwa vijana wasiojua hata kuipaka mafuta. Watapita tu, alisema, kama wale wengine walivyopita.

Siku ya tano walianza kupekua nyumba kwa nyumba, asubuhi, tukinywa uji. Walianzia kwa fundi. Tulisikia cherehani ikianguka. Tulisikia kopo likimwagwa, risasi zikibingirika sakafuni, na sauti ikiuliza: "Bunduki iko wapi?" Fundi akajibu hana. Wakampiga. Wakauliza tena, akajibu hana. Ukuta ni mbao, rafiki yangu, hakuna kitu ambacho hatukusikia. Baba alikuwa ameshika bakuli lake la uji kwa mikono miwili, na bunduki iko juu ya plafo, hatua chache kutoka kwake. Hakuinuka. Mwishowe wakamfunga fundi wakaondoka naye. Kwetu waliingia, wakavuruga vitanda, wakamtazama baba na bakuli lake mikononi, wakamcheka wakapita. Plafo hawakuigusa.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Uende. Useme risasi ni zako, uko na permi."

"Permi ya serikali gani? Serikali yenyewe ilikimbia."

"Basi upeleke bunduki, wamuache."

"Na wakinibakiza mimi, batoto watakula nini? Mutu wa cherehani, watamufanya nini? Watamuacha."

Kisha akatugeukia sisi watoto, akasema atakayefungua mdomo si mtoto wake.

Mke wa fundi alipeleka chakula gerezani siku ile na ya pili, bakuli limefungwa kwa kitambaa, binti yake nyuma na chupa ya maji. Akipita mbele ya mlango wetu alitembea polepole. Hakutuuliza kitu. Alitembea tu polepole, na baba akaingia chumbani.

Siku hiyo ya pili, alasiri, nilishuka ziwani kuteka maji pamoja na rafiki yangu. Tulijaza bidoni zetu. Kisha akanishika mkono. "Baba anapigwa juu ya bunduki. Uniambie tu iko wapi. Sitakutaja. Nitasema niliiokota kwa mawe." Alikuwa ameshapanga yote peke yake, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Ilibidi niseme neno moja tu. Nilimtazama usoni nikamwambia, "Sijui."

Siku ya tatu waliporudi gerezani, mlinzi alimrudishia mke wa fundi bakuli bila kulifungua. Akamwambia, "Usilete tena chakula." Ni hivyo tu tulivyojua. Maiti hawakupewa, kaburi hakuna. Mke wa fundi alinyanyua ile cherehani iliyoanguka, akajifundisha kushona, na tukaendelea kuishi hivyo, ukuta wa mbao katikati. "Jambo mama." "Jambo muzee." Alitushonea sare za shule. Baba aliacha kabisa kuzungumza mezani, na bunduki ikaendelea kulala juu ya plafo. Hakuishusha hata kuipangusa. Ikapata kutu bure.

Miaka ikapita hivyo, mpaka mlima ukapasuka. Wewe ukiwa mtu wa Goma huna haja nikueleze: moto ukishuka mjini mchana, watu na magodoro vichwani, mbuzi, wagonjwa kwenye chukudu. Sisi tukifunga mafurushi, baba alisimama chumbani akiangalia juu. Mama akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani: "Wacha ile kitu! Imeshatukula!" Akaiacha. Tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na nyuma yetu Mapendo ikazikwa chini ya mawe mapya, nyumba yetu, nyumba ya fundi, na bunduki iliyotugharimu mtu. Haikumfaa mtu hata mmoja. Hata wale vijana hawakuipata.

Asubuhi yake tulijikuta kwenye uwanja wa shule, maelfu ya watu, majivu kwenye nywele. Mke wa fundi alikuwa karibu nasi, na yeye ndiye aliyekuwa na unga. Alipika uji, akamimina kikombe cha kwanza, akampelekea baba. Baba hakukipokea. Alipiga magoti pale chini mbele ya watu wote.

"Mama, zile risasi zilikuwa zangu. Bunduki ilikuwa kwangu."

"Najua," akasema. "Siku ya pili alinituma kwako. Alisema: 'Umwambie muzee asikuje. Wakimuona, watatuua wawili.' Mimi sikukuletea ile maneno. Nilisema moyoni, ngoja nione kama atakuja bila kukatazwa."

Akaweka kikombe chini mbele yake, akarudi kwenye sufuria.

Baba aliishi miaka sita baada ya pale, katika nyumba nyingine, juu ya mawe mengine. Siku hizi tumejenga kwa matofali, kuta zimekwenda juu, na juu yake tumepanda vipande vya chupa. Hakuna mtu anayelaza kitu chake kwa jirani, hata ufunguo, hata kuku. Watoto wangu wakisikia habari ya risasi kulala kwa mwingine wananiuliza kama babu yao alikuwa na akili sawasawa. Nawajibu kwamba sheria ilikuwa nzuri. Ilitaka watu wawili tu, na sisi tulikuwa na mmoja.

Baba alipokufa, mke wa fundi alikuja kwenye matanga. Aliosha vyombo na mama siku tatu, akaimba na wengine. Binti yake hakuja. Mtaani tukikutana ananisalimu kama unavyomsalimu mtu uliyekaa naye foleni mara moja. Ndugu zangu wanamsema ana roho ngumu, kwamba mama yake alisamehe, na yeye ni nani asisamehe. Mimi najua sababu. Mama yake alikuwa anamdai baba. Yeye, siku ile ziwani, hakumuuliza baba. Aliniuliza mimi.