Wiki Sita Nilizozificha

Nilimdanganya nesi wa kliniki, na sina wa kumsingizia. Kwetu Dongobesh, hata sasa hivi kila mtu akiwa na simu mkononi, bibi harusi akigundulika ana mimba havai shela. Anatengwa kanisani, anatubu mbele ya watu, halafu anafungishwa ndoa katikati ya wiki, bila kwaya, kama mtu aliyekwenda kuchukua kitambulisho. Mimi nilivaa shela. Mama mkwe wangu, kiongozi wa akina mama wa usharika, aliibana kwa pini kwa mikono yake mwenyewe. Mimba ilikuwa imo tayari.

Kliniki nesi akaniuliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi nje, mlango uko wazi. Nikapiga hesabu haraka haraka, nikakata wiki sita, nikataja tarehe inayokaa vizuri na harusi. Nesi akaandika kwenye kadi. Miezi ilipokwenda alinipima tumbo kwa utepe, akashangaa: "Mbona kubwa kuliko tarehe, dada?" Nikamwambia baba yake ni mrefu. Tukacheka. Jamani, tulicheka kabisa.

Uchungu ulinishika shambani asubuhi nikipalilia mahindi, tarehe bado mbali. Mama mkwe alisimamisha pikapu iliyobeba viazi, tukapanda, akanishika mkono njia nzima. Tulifika hospitali saa nne. Kabla ya saa tano mtoto alikuwa ametoka. Wa kiume. Alilia kidogo, kilio chembamba cha paka mchanga, akanyamaza, akaanza kuhangaika na pumzi.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alisoma kadi yangu mara mbili, akamwambia nesi wa zamu neno moja la Kiingereza, nesi akanitafsiria: mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi. Wiki ishirini na nne tu, hapa hakuna cha kumfanyia. Akamviringisha kwenye kitenge changu, akamlaza kifuani pangu. "Kaa naye, dada, mpaka amalize."

Kuweza kuishi. Mpaka leo maneno hayo yananichoma. Nilikuwa nadhani ni mambo ya mtoto mwenyewe, mapafu yake, moyo wake, nguvu alizokuja nazo. Kumbe hospitali inaanza na hesabu ya wiki, na hesabu ile niliitoa mimi, mjinga mimi, kwa kuogopa masikio ya benchi. Daktari hakukosea. Alisoma alichoandikiwa.

Na bado nilinyamaza. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, goti lake limegusa mguu wangu, na mimi nikawaza kanisa, nikawaza mume wangu, nikawaza aibu. Karibu saa nzima! Mwanangu anavuta pumzi moja moja, mimi nawaza shela.

Kilichonifungua mdomo ni kidole. Marehemu baba yangu, ndama akizaliwa kabla ya wakati, hakuhesabu miezi. Alimtia kidole mdomoni. Akinyonya, anaingizwa ndani karibu na moto, na usimwambie baba kwamba huyo atakufa. Nikamtia mwanangu ncha ya kidole. Akanyonya. Kwa shida, lakini akanyonya.

Nikapiga kelele: "Ongezeni wiki sita! Nilidanganya, ongezeni wiki sita!"

Daktari alikuja mbio. Sikuwahi kuona watu wakikimbia namna ile kwa ajili ya kitu kidogo hivyo. Wakamchukua, wakamwekea oksijeni, wakamtia kwenye joto. Mwili ulikuwa umeshapoa sana. Alipambana mpaka saa kumi jioni, akachoka.

Nesi akarudi na kadi ili aandike sawasawa. Akauliza tarehe ya kweli. Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Andika mwezi wa sita, mwanzoni," akasema mama mkwe. "Harusi ilikuwa mwisho wa mwezi wa saba. Mimba ilikuwa imeshaingia."

Nesi akaandika, akatoka. Nilimgeukia mama mkwe, kichwa kinaniuma kwa kulia.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua asubuhi ile ya harusi. Ulitapika mara mbili nikikuvalisha."

"Sasa leo mbona hukuwaambia?"

Alitazama mikono yake. Sijawahi kumwona mzee akikosa pa kuweka macho.

"Nilikustahi, mwanangu. Nilisema moyoni, atasema mwenyewe."

Tulikuwa tumekaa pale saa nzima, mtoto akipumua katikati yetu, kila mmoja akimstahi mwenzake.